Mafao ya ulemavu kwa maradhi sugu yasiyoonekana kwenye vipimo: ushahidi unaohitajika na namna ya kuuandaa

Mfanyakazi aliyekatwa mkono na mashine hahitaji maelezo marefu mbele ya madaktari wanaotathmini ulemavu wake. Aliyepooza kwa kiharusi anayo picha ya ubongo. Yupo hata hivyo mfanyakazi wa aina nyingine, ambaye kwa miaka miwili au mitatu amekuwa akiumwa mwili mzima, au anashikwa na kipandauso karibu nusu ya kila mwezi, au anachoka kiasi cha kushindwa kufika kituo cha daladala, na kila anapopima damu, mkojo na eksirei majibu yanarudi kuwa hakuna tatizo. Jumamosi majirani humwona sokoni. Jumatatu hayupo kazini. Baada ya muda msimamizi wake huanza kumtilia shaka, na wakati mwingine mgonjwa mwenyewe hujitilia shaka.

Mwananchi wa namna hii mara nyingi huamini kwamba hana haki ya mafao yoyote kwa kuwa hana karatasi ya kipimo. Imani hiyo si sahihi. Katika hifadhi ya jamii Tanzania Bara, swali la msingi ni kama mwanachama amepoteza uwezo wa kufanya kazi na kujipatia kipato, kwa kiasi gani, na tangu lini. Maswali hayo matatu yanajibika hata pale ambapo ugonjwa hauna kipimo kimoja cha kuuthibitisha. Tatizo ni kwamba majibu yake hayapatikani kwa siku moja. Hujengwa hospitalini na kazini kwa miezi mingi, na anayeanza kuyatafuta baada ya kuacha kazi huwa amechelewa.

Kinachopimwa ni uwezo wa kufanya kazi

Kwa wafanyakazi wa sekta binafsi na waliojiajiri, mfuko unaohusika ni Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), unaoendeshwa chini ya Sheria Sura ya 50. Pensheni ya ulemavu ya mfuko huo hulipwa kwa mwanachama ambaye hajafikisha umri wa miaka 60 na ambaye amethibitishwa kitabibu kuwa amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato kutokana na maradhi au ulemavu wa mwili au wa akili. Pamoja na uthibitisho huo, mwanachama anatakiwa awe amechangia miezi isiyopungua 180. Asipofikisha idadi hiyo, anaweza kukidhi sharti kwa michango isiyopungua 36, mradi 12 kati ya hiyo iwe ya miezi inayotangulia moja kwa moja tarehe aliyopata ulemavu. Aliyepoteza uwezo kwa kiwango hicho lakini michango yake haitoshi kwa pensheni hufikiriwa kwa malipo ya mkupuo.

Watumishi wa umma wamo katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), ulioundwa kwa Sheria Na. 2 ya mwaka 2018 baada ya mifuko iliyokuwepo kuunganishwa. Masharti yake ya michango ni ya sheria hiyo, na mtumishi huyapata kwa afisa utumishi wake au katika ofisi ya mfuko. Zanzibar ina mfuko wake, ZSSF, na sheria zake. Hata hivyo, yanayoelezwa hapa chini kuhusu ushahidi wa kitabibu yanamfaa mwanachama wa mfuko wowote.

Neno la kuzingatia katika masharti ya NSSF ni "uwezo". Jina la ugonjwa pekee halimpi mtu pensheni na wala halimnyimi. Wapo wenye kifafa ambao kwa dawa sahihi wanafanya kazi miaka yote hadi kustaafu. Wapo pia wenye kifafa kilekile ambao degedege huwashika mara kadhaa kwa wiki, na hakuna mwajiri anayeweza kuwaweka karibu na mashine, moto au barabara. Wote wawili wana ugonjwa mmoja kwenye cheti, lakini ombi la kila mmoja litapimwa kwa kile anachoweza na asichoweza kufanya.

Tarehe inayobeba pensheni

Katika maradhi yasiyo na kipimo, kosa linalogharimu zaidi halihusu dawa wala daktari. Linahusu tarehe.

Ajali ina siku yake, na siku hiyo haina ubishi. Ugonjwa sugu huja polepole. Mfanyakazi hukosa siku mbili mwezi huu, tano mwezi ujao, huhamishiwa kazi nyepesi, hupunguziwa zamu, na hatimaye huandika barua ya kuacha kazi "kwa sababu binafsi" kwa kuona aibu au kwa kuchoka kuulizwa maswali. Hurudi kijijini kuuguzwa na ndugu. Miaka inapita kabla ya mtu kumweleza kwamba huenda alistahili pensheni.

Chukua mfano wa mwanachama aliyechangia miezi 90, akaacha kazi Machi 2022, na kuwasilisha ombi lake Machi 2025. Hana michango 180, hivyo anategemea sharti la pili la michango 36 yenye 12 ya mwisho iliyofuatana na ulemavu. Ikiwa jalada lake la hospitali linaanza mwaka 2025, ulemavu utaonekana kuanza mwaka huo, na katika miezi 12 iliyotangulia hakuna mchango hata mmoja. Ikiwa jalada linaonyesha kwamba tangu mwishoni mwa 2021 alikuwa akihudhuria kliniki, akipewa mapumziko, na daktari akaandika Februari 2022 kwamba hawezi tena kuendelea na kazi yake, hoja inabadilika kabisa: uwezo ulipotea akiwa bado kazini na michango yake ikiwa hai. Mtu ni yuleyule, ugonjwa ni uleule, na michango ni ileile. Kinachotofautisha ni karatasi chache zenye tarehe.

Kwa sababu hiyo, mwanachama anayeona ugonjwa unamzidi anashauriwa kufanya mambo mawili kabla hajaandika barua yoyote ya kuacha kazi. La kwanza ni kuomba taarifa ya michango yake na kuhakikisha kila mwezi aliokatwa mshahara umefika kwenye mfuko. Miezi inayokosekana ifuatiliwe wakati mwajiri bado yupo na hati za mshahara bado zinapatikana. La pili ni kumwomba daktari aandike, kwa tarehe ya siku hiyo, hali yake kuhusiana na kazi. Barua ya kuacha kazi kwa "sababu binafsi" ni ushahidi dhidi ya aliyeiandika. Kama sababu ni ugonjwa, barua iseme ugonjwa.

Maradhi yanayotambuliwa kwa dalili

Ugonjwa kukosa kipimo kimoja cha uhakika hakuna maana kwamba hautambuliki. Sehemu kubwa ya tiba bado inategemea daktari anayesikiliza, anayechunguza mwili na anayefuatilia mgonjwa kwa muda, akilinganisha anachokiona na vigezo vilivyokubaliwa na wataalamu. Sonona na maradhi mengine ya akili hutambuliwa kwa njia hiyo. Hakuna kipimo cha damu cha kuyathibitisha. Kifafa nacho hutegemea sana maelezo ya aliyeshuhudia degedege, kwani kipimo cha umeme wa ubongo kilichofanyika siku mgonjwa akiwa mzima kinaweza kisionyeshe kitu.

Kwa kipandauso sugu, vigezo vya kimataifa vinataka mgonjwa awe na maumivu ya kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, na kati ya siku hizo angalau nane ziwe na sifa za kipandauso. Hakuna mashine inayohesabu siku hizo. Huhesabiwa na mgonjwa mwenyewe. Faibromialjia, yaani maumivu ya mwili mzima yanayoambatana na uchovu, usingizi usioburudisha na ugumu wa kukumbuka mambo, hutambuliwa kwa ueneaji wa maumivu na uzito wa dalili hizo zikiwa zimedumu angalau miezi mitatu. Ugonjwa wa uchovu sugu una alama moja inayoutofautisha na uchovu wa kawaida: baada ya shughuli ndogo ya mwili au ya akili mgonjwa huzidiwa, mara nyingi si palepale bali saa nyingi baadaye au kesho yake, na huweza kulala siku kadhaa. Dalili zinazobaki baada ya UVIKO-19 zilipewa ufafanuzi na Shirika la Afya Duniani (WHO) Oktoba 2021, nazo hutambuliwa zikidumu angalau miezi miwili bila maelezo mengine ya kitabibu.

Kuhusu maumivu, orodha ya kimataifa ya magonjwa ya WHO, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022, imeweka maumivu sugu ya msingi kama ugonjwa unaojitegemea: maumivu yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi mitatu, yanayomtaabisha mtu au kumzuia na shughuli zake, na yasiyoelezeka vizuri zaidi kwa ugonjwa mwingine. Sehemu kubwa ya maumivu ya mgongo inayowapeleka wafanyakazi hospitalini huangukia karibu na hapo. Picha ya mgongo haisaidii sana pande zote mbili, kwa kuwa wapo wenye maumivu makali ambao picha zao ni za kawaida, na wapo wenye uti wa mgongo uliochakaa pichani ambao hawaumwi chochote.

Hapa majibu ya vipimo yasiyoonyesha tatizo hupata kazi yake. Wagonjwa wengi huyatupa wakidhani yanawaharibia. Kumbe vigezo vya maradhi haya karibu yote vinamtaka daktari kwanza aondoe uwezekano wa mengine: upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, kisukari, maambukizi, maradhi ya viungo. Karatasi inayosema damu ni nzuri na tezi ni nzima ni sehemu ya uthibitisho, na inapaswa kubaki kwenye jalada.

Nchi nyingine zimekutana na tatizo hili na kuliwekea maandishi. Nchini Marekani, mamlaka ya hifadhi ya jamii ilitoa mwongozo kuhusu faibromialjia mwaka 2012 na mwingine kuhusu uchovu sugu mwaka 2014. Miongozo hiyo haikubali maelezo ya mgonjwa peke yake, lakini pia haidai kipimo cha maabara kisichokuwepo. Inataka kumbukumbu za matibabu za muda mrefu, kwa kutambua kwamba maradhi haya yana siku nzuri na siku mbaya. Miongozo hiyo haina nguvu ya sheria hapa nchini, lakini mantiki yake inaweza kumsaidia mwombaji wa Tanzania kuelewa jalada zuri linafananaje.

Ripoti ya daktari

Udhaifu wa majalada mengi upo kwenye sentensi moja. "Mgonjwa anasumbuliwa na maumivu ya mwili, apewe mapumziko siku saba." Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini haijibu swali lolote la mfuko.

Ripoti inayofaa hueleza mgonjwa ameonekana tangu lini na mara ngapi. Ugonjwa umetambuliwa kwa vigezo gani. Vipimo gani vimefanyika na matokeo yake. Dawa gani zimejaribiwa, kwa muda gani, na zimesaidia au zimeshindwa. Kisha huja sehemu ambayo madaktari wengi huiacha bila kuombwa, nayo ndiyo inayobeba uzito: mgonjwa anaweza kukaa muda gani, kusimama muda gani, kubeba kilo ngapi, kutumia mikono kwa kazi ndogondogo kwa muda gani, kufuatilia jambo bila kupotea kwa dakika ngapi, na kwa wastani ni siku ngapi kwa mwezi hawezi kutoka nyumbani. Mwisho, daktari aseme kama anatarajia nafuu, na aeleze maoni yake kuhusu tarehe ambayo uwezo wa kufanya kazi ulipungua kwa kiwango hicho.

Daktari mwenye wagonjwa 60 mlangoni hawezi kuandika hayo kwa kumbukumbu. Mgonjwa anayefika na ukurasa mmoja unaoeleza kazi yake humrahisishia. Mfano wa fundi wa kiwanda cha nguo unaonyesha tofauti. Akiandika tu "fundi cherehani", daktari anaweza kufikiria kazi ya kukaa. Akieleza kwamba zamu ni ya saa nane, kwamba anakaa bila kuegemea, anainama, anakanyaga pedeli kwa mguu mmoja na kuvuta kitambaa kwa mikono yote miwili mara mamia kwa siku, na kwamba akichelewa kipande kimoja mstari mzima unasimama, daktari anaweza kusema kitabibu ni sehemu ipi ya kazi hiyo imeshindikana na kwa nini.

Ni vema matibabu yawe katika kituo kimoja au viwili kwa kadiri inavyowezekana. Kuhama kutoka zahanati hadi zahanati kila dawa inaposhindwa huacha vipande vya kumbukumbu visivyounganika, na kila daktari mpya huandika kana kwamba ugonjwa umeanza jana. Palipo na rufaa, karatasi ya rufaa na majibu yake vihifadhiwe. Wapo pia wanaopitisha miezi kwa tiba asili au kwa dawa za kununua dukani kwa sababu ya gharama. Hilo si kosa, lakini huacha pengo ambalo jopo litaliona. Pengo likielezwa kwa uwazi kwenye maelezo ya mgonjwa, pamoja na sababu yake, halina madhara kama lile linaloachwa bila maelezo.

Taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa binafsi nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022. Mwajiri hapaswi kuchukua jalada zima la hospitali kwa sababu tu mfanyakazi ameomba mapumziko.

Daftari la mgonjwa

Maradhi yanayopanda na kushuka hayawezi kuonekana kwa ziara ya dakika kumi. Anayemwona mgonjwa siku nzuri humwona mzima. Daftari la kawaida la shule, lenye mstari mmoja kwa kila siku, huziba pengo hilo: tarehe, dalili kuu, saa ngapi amelala mchana, dawa aliyotumia, na jambo aliloshindwa kufanya. "Nimeshindwa kuchota maji, binti amechota" ni taarifa bora kuliko "nimejisikia vibaya sana". Siku nzuri nazo ziandikwe. Daftari lenye siku mbaya tupu huonekana limetungwa usiku mmoja, na mara nyingi huwa kweli.

Pale shughuli inapoleta madhara kesho yake, siku zote mbili zionyeshwe. Yule aliyeonekana sokoni Jumamosi hana haja ya kukana kwamba alikwenda. Ana haja ya kuonyesha kwamba Jumapili na Jumatatu alikuwa kitandani.

Kwa kifafa, maelezo ya maandishi ya mtu aliyeshuhudia tukio, yakitaja saa, muda na kilichotokea, yana thamani kubwa kwa daktari. Picha mjongeo iliyochukuliwa kwa simu na ndugu, kwa ridhaa ya mgonjwa, imewasaidia madaktari wengi kutofautisha degedege na kuzimia kwa kawaida.

Likizo ya ugonjwa kabla ya hatua nyingine

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara. Mwajiri anaweza kukataa kulipa iwapo mfanyakazi hakuleta cheti cha daktari. Watumishi wa umma huongozwa na kanuni zao za utumishi.

Kwa mgonjwa wa maradhi yasiyoonekana, likizo hii ina faida nyingine zaidi ya mshahara: kila cheti, ambacho wengi hukiita "ED", ni alama rasmi ya tarehe ndani ya jalada la mwajiri. Mfanyakazi anayetumia likizo yake ya mwaka kuugua, au anayebadilishana zamu kimyakimya na wenzake, hufuta ushahidi wake mwenyewe. Wema wa wenzake unamsitiri kazini na kumwacha mtupu mbele ya mfuko.

Mwajiri naye ana wajibu. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinamtaka kabla ya kumwachisha kazi mfanyakazi kwa sababu ya afya achunguze chanzo na kiwango cha kutomudu kazi, aangalie kama ni kwa muda au kwa kudumu, afikirie kama kazi inaweza kurekebishwa au kama ipo nyingine inayomfaa, na azungumze na mfanyakazi huyo. Maombi ya kurekebishiwa kazi yafanyike kwa maandishi na nakala ibaki kwa mfanyakazi. Yakikubaliwa, ajira inaokolewa. Yakikataliwa, au yakijaribiwa na kushindikana, barua hizo zinaonyesha kwamba uwezo umepotea kweli na kwamba njia nyepesi zilijaribiwa.

Aliyeachishwa kazi na kuona hakutendewa haki anatakiwa kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Siku hizo haziwasubiri madaktari wala mfuko. Ombi la pensheni na mgogoro wa ajira ni mambo mawili yanayokwenda kwa saa tofauti.

Maradhi yaliyotokana na kazi

Kama ugonjwa umetokana na kazi, mlango unaohusika ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanzishwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263. Michango ya mfuko huu hulipwa na mwajiri. Mfanyakazi hakatwi chochote, wala hadaiwi idadi ya miezi ya kuchangia. Kwa ulemavu wa kudumu, tathmini isiyozidi asilimia 30 hulipwa mkupuo, na inayozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi.

Katika mfuko huu swali gumu ni chanzo. Maumivu ya mgongo ya mpakiaji wa mizigo bandarini yanaweza kuwa ya kazi, na yanaweza kuwa ya umri. Mfanyakazi anapaswa kumjulisha mwajiri kwa maandishi mara anapohisi uhusiano kati ya maradhi na kazi, na ajulishe pia wenzake wenye dalili kama hizo kama wapo, kwa kuwa wafanyakazi wa idara moja wanaougua kwa namna moja ni ushahidi ambao mtu mmoja hawezi kuutoa. Historia ya kazi zote alizofanya, uzito wa mizigo, miaka ya kila kazi na matukio ya kuumia yaliyowahi kuandikwa kwenye kitabu cha matukio, vyote viingie. Mwajiri akikataa kutoa taarifa, mfanyakazi anaweza kwenda mwenyewe ofisi ya WCF na nakala za barua alizomwandikia.

Mbele ya madaktari

Siku ya tathmini, mwombaji aende na kitambulisho cha Taifa, namba ya uanachama, nakala za ripoti, vyeti vya mapumziko, orodha ya dawa na muhtasari wa daftari usiozidi kurasa mbili. Jopo halitasoma madaftari manne.

Wapo wanaojikaza siku hiyo kwa heshima, wakajibu "sijambo, namshukuru Mungu" kama wanavyomjibu mgeni. Wapo pia wanaojiongezea kilema mlangoni. Wa kwanza huandikwa ana nafuu, na wa pili hupoteza imani ya jopo kwa kila kitu kingine alichosema, hata kilichokuwa kweli. Jibu linalofaa ni la siku ya kawaida: wiki ya wastani ikoje, siku mbaya ni ngapi, na kinachotokea siku inayofuata. Kama anaweza kupika lakini akiwa amekaa, na kwa siku tatu kati ya saba, aseme hivyohivyo. Ni busara kwenda na ndugu anayeishi naye.

Ombi likikataliwa

Hatua ya kwanza ni kuomba sababu kwa maandishi, kwa kuwa ziko za aina mbili zisizofanana. Kukataliwa kwa sababu ya michango hakutibiki kwa ripoti nyingine ya daktari. Kunahitaji hati za mshahara, taarifa ya benki na ufuatiliaji wa mwajiri, au ushahidi kwamba tarehe ya ulemavu ilikuwa ya mapema zaidi. Kukataliwa kwa sababu ya kiwango cha ulemavu kunahitaji ripoti inayojibu hasa kile jopo lilichosema hakikuonekana. Anayewasilisha upya makaratasi yaleyale hupata jibu lilelile. Muda wa kuomba mapitio au kukata rufaa uulizwe siku barua inapopokelewa, na jibu lake lihifadhiwe.

Asiyemudu wakili anaweza kutumia Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya mwaka 2017, inayowatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria wanaohudumia wananchi bila malipo. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kumwelekeza mwananchi kwa walio karibu naye.

Wasio na sifa za pensheni

Wengi wanaougua maradhi haya hawajawahi kuchangia mfuko wowote: wakulima, mama lishe, madereva wa bodaboda, wafanyakazi wa nyumbani wasioandikishwa. Kwao pensheni ya ulemavu haipo, na ni haki waambiwe hivyo mapema kuliko kuzungushwa ofisini. Aliyejiajiri na bado anaweza kufanya kazi anaruhusiwa kujiunga na NSSF kwa kuchangia mwenyewe, nayo michango yake itahesabiwa kwa masharti yaleyale.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtambua mtu mwenye ulemavu kwa upungufu wa mwili, akili au hisi pamoja na vikwazo anavyokutana navyo katika jamii, hivyo ulemavu usioonekana kwa macho haujaachwa nje. Utambuzi huo hauleti pensheni, lakini unaweza kumwingiza mwananchi katika nafasi nyingine: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, ambapo asilimia mbili ni ya watu wenye ulemavu, na sharti kwamba mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia tatu ya wenye ulemavu. Kwa kaya zilizo katika umaskini mkubwa, mtendaji wa kijiji au mtaa ndiye wa kuulizwa kuhusu Mpango wa Kunusuru Kaya unaosimamiwa na TASAF.

Hata huku, afisa ustawi wa jamii atahitaji kuona kumbukumbu za hospitali. Nakala za makaratasi yote ziwekwe sehemu mbili tofauti, au zipigwe picha kwa simu na kutumwa kwa ndugu wa kuaminika, kwa kuwa nyumba huvuja, watu huhama, na jalada la hospitali lililopotea ni vigumu sana kulipata tena.